Mzee mwenye kisukari tusimkalishe kitini



Ugonjwa wa kisukari si mgeni katika ukurasa huu. Mara nyingi tunapoutaja huwa tunazungumzia chakula, dawa, macho, figo na vidonda vya miguu. Leo tunapenda kuzungumzia sehemu ya mwili ambayo wengi wetu hatuihusishi kabisa na kisukari, nayo ni ubongo: kumbukumbu za mgonjwa na uwezo wake wa kufikiri. Aliyetuamsha ni mama mmoja wa hapa Gongoni, aliyetufuata baada ya Misa ya Jumapili akiwa na wasiwasi mwingi.

"Mama mkwe wangu ana kisukari, huu ni mwaka wa kumi na moja," alituambia. "Juzi nilirudi kutoka sokoni nikamkuta barazani, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Majirani wakajaa. Mmoja akasema ni uzee. Mwingine akasema karogwa. Na mwingine, Mungu amsamehe, akanong'ona kwamba huenda bibi mwenyewe ndiye mchawi na mambo yake yamemrudia."

Kwa bahati njema mwanawe alimkimbiza hospitali badala ya kusikiliza maneno ya barazani. Sukari ya bibi ilikuwa imeshuka mno. Alipotundikiwa maji ya glukosi, haukupita muda mrefu akafumbua macho vizuri na kuuliza kwa nini watu wamemzunguka. Ikajulikana kwamba asubuhi ile alikuwa amemeza vidonge vyake mara mbili, kwa sababu alisahau kuwa amekwisha kuvimeza, na tena hakula kitu mpaka saa sita mchana.

Daktari aliuliza maswali mengi. Mojawapo lilikuwa hili: Bibi anatembea kiasi gani kwa siku? Kijana akajibu kwa fahari, "Daktari, mama yangu hafanyi kazi yoyote. Maji wanachota wajukuu, sokoni anakwenda mke wangu, hata kanisani namwitia bodaboda. Amelea watoto saba, sasa ni zamu yake kupumzika."

Daktari hakumlaumu. Alimwambia, "Moyo wako ni mzuri, kijana wangu. Lakini mama yako anaihitaji miguu yake kuliko anavyoihitaji hiyo pikipiki. Akikaa kutwa nzima, si sukari peke yake inayoharibika. Hata kichwa kinapata hasara."

Mama yule alitaka kujua kwetu: miguu na akili vinahusianaje? Swali hilo ndilo tunalojaribu kulijibu leo, kwa maana tunaamini halimhusu bibi mmoja tu.

WAZEE WETU WALIKUWA WATU WA MIGUU

Gongoni ni kata mojawapo ya mji wa Tabora, na Tabora ni mji uliokuzwa na miguu ya watu. Kabla ya reli, misafara ya kutoka Bagamoyo ilipita hapa ikielekea Ujiji na nchi za maziwa. Kutoka pwani hadi Tabora ni kiasi cha kilometa 800. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliosifika kuliko wote katika kazi hiyo, walitembea njia hiyo kwa wiki nyingi, kila mtu na mzigo wake wa kilo 30 hivi begani. Wamisionari wa Afrika wa kwanza, ambao tumezoea kuwaita White Fathers, nao walifika Tabora mwaka 1878 kwa njia hiyo hiyo, pamoja na wapagazi wao. Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1912, na misafara ya miguu ikafifia.

Hatusemi kwamba maisha yale yalikuwa mema. Njaa na ndui viliua wengi njiani, na katika njia ile ile walipitishwa watumwa. Tunataka kusema jambo moja tu: mwili wa mtu wa zamani ulikuwa katika mwendo karibu siku nzima. Hata baada ya misafara kwisha, mzee wa Unyamwezi alilima kwa jembe, alikata kuni, alirina asali porini, na alikwenda kusalimia ndugu vijiji vya mbali kwa miguu.

Kisukari cha watu wazima kilikuwa kidogo wakati huo. Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walipima watu wa vijiji sita vya Tanzania, na mwaka 1989 wakatangaza kwamba wenye kisukari hawakufikia mtu mmoja kati ya watu wazima 100. Mwaka 2012 ulifanyika uchunguzi wa taifa, mijini na vijijini, kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64. Safari hii walionekana watu 9 hivi kati ya kila 100. Umri wa waliopimwa na namna ya kupima havikuwa sawa, kwa hiyo tusizilinganishe hesabu hizo kama pacha. Hata hivyo ni dhahiri kwamba ugonjwa umeongezeka. Unene, vyakula vya mafuta na sukari nyingi, soda, na maisha ya kuketi ni baadhi ya mambo yaliyouleta.

SUKARI INAUFANYAJE UBONGO

Ubongo wa mtu mzima ni kama sehemu 2 tu kati ya 100 za uzito wa mwili wake, lakini hutumia karibu sehemu 20 kati ya 100 za nguvu zote zinazotumika mwili unapopumzika. Chakula chake kikuu ni glukosi, yaani sukari iliyomo katika damu. Ubongo hauna ghala kubwa la kuweka akiba. Unategemea kuletewa sukari kila dakika kwa njia ya mishipa ya damu.

Kwa hiyo mwenye kisukari anaweza kuumia kichwani kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni sukari kuwa juu kwa miaka mingi. Sukari nyingi huharibu mishipa ya damu, hasa ile midogo sana. Tunajua inavyoharibu mishipa ya macho na ya figo. Mishipa midogo ya ubongo nayo haisalimiki. Sehemu ndogo ndogo za ubongo hukosa damu na kufa, bila maumivu na bila mgonjwa kujua. Kama ana na shinikizo la damu, madhara huwa makubwa zaidi na kiharusi huwa karibu. Polepole mtu huanza kuwa mzito wa kufikiri, anashindwa kupanga mambo, anasahau alichoambiwa asubuhi. Wataalamu wanakadiria kwamba mwenye kisukari cha ukubwani ana hatari ya kupata ugonjwa wa kusahau, ule ambao madaktari huuita demensia, kama mara moja na nusu ya mtu asiye na kisukari.

Njia ya pili ni sukari kushuka ghafla, kama ilivyompata bibi wa Gongoni. Hapo ubongo unanyimwa chakula. Mtu anatetemeka, anatoka jasho, anasema maneno yasiyoeleweka, anaweza kugombana na watu au kuzimia. Akisaidiwa upesi hurudia hali yake. Lakini sukari ikishuka vibaya mara kwa mara, hasa kwa mzee, ubongo huweza kupata madhara ya kudumu.

Hapa ndipo penye mtego. Kisukari kinaweza kudhoofisha kumbukumbu, na kumbukumbu ndiyo inayomwezesha mgonjwa kutunza kisukari chake. Anayesahau hurudia dawa au huiacha. Husahau kula, husahau siku ya kliniki, husahau kuangalia miguu. Sukari inazidi kuharibika, na kichwa nacho kinazidi kuzorota. Familia isipoushtukia mzunguko huo, husema tu, "Ni uzee."

MIGUU INAUSAIDIAJE UBONGO

Mazoezi yanaweza kusaidia kuukata mzunguko huo katika sehemu kadhaa.

Kwanza, msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu, hata pale insulini ya mwili inapokuwa haifanyi kazi vizuri. Ni kama nyumba yenye milango miwili: insulini hufungua mlango wa mbele, na mwendo hufungua mlango wa nyuma. Matembezi baada ya chakula hupunguza kupanda kwa sukari, na faida ya zoezi moja huweza kuendelea kwa saa nyingi, pengine mpaka kesho yake. Ndiyo maana inafaa kutembea karibu kila siku badala ya kungoja siku moja ya nguvu nyingi.

Pili, mwendo huimarisha moyo na kupunguza shinikizo la damu. Mishipa inayopeleka damu kichwani inalindwa pamoja na ile ya moyo. Faida hii tu ingetosha kumnyanyua mtu kitini.

Tatu, misuli inapofanya kazi, mwili hutoa viini fulani vinavyozisaidia chembechembe za ubongo kuishi na kuunganika vizuri. Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo inayotunza kumbukumbu mpya, iitwayo hipokampasi. Kwa kawaida sehemu hii husinyaa mtu anapozeeka.

Nne, anayetembea hulala vizuri, huona mambo, hukutana na watu na kuzungumza nao. Majonzi na upweke navyo hudhoofisha akili ya mzee.

UTAFITI UNASEMA NINI, NA HAUSEMI NINI

Hatupendi kuwauzieni maneno matamu, kwa hiyo tuseme ukweli wote.

Mwaka 2011 wataalamu wa Marekani walitangaza matokeo ya kuwafuatilia wazee 120 wasio na demensia kwa mwaka mmoja. Nusu yao walitembea kwa mwendo mzuri dakika 40, mara tatu kwa wiki. Nusu nyingine walifanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu. Picha za ubongo zilionyesha kwamba hipokampasi za waliotembea ziliongezeka kwa kiasi cha asilimia 2, na za wenzao zilipungua. Habari hiyo ilileta furaha kubwa.

Lakini utafiti mwingine mkubwa wa nchi hiyo hiyo, uliofuatilia watu zaidi ya 5,000 wenye kisukari na unene kwa karibu miaka kumi kuanzia mwaka 2001, ulitoa jibu la kututuliza. Waliofundishwa kula kwa kiasi na kufanya mazoezi walipata faida nyingi za mwili, na baadhi yao waliopigwa picha za ubongo walionekana kuwa na madoa machache ya uharibifu. Lakini walipopewa majaribio ya kumbukumbu na kufikiri, kwa ujumla hawakuwashinda wenzao.

Maana yake ni nini kwetu? Ni kwamba mazoezi si dawa ya kurudisha akili iliyokwisha kupotea, na anayewaahidi hivyo anawadanganya. Mazoezi ni ulinzi, na mlinzi huwekwa kabla mwizi hajaingia. Tena hayafanyi kazi peke yake. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lilitaja mambo 14 ambayo, kama yangeshughulikiwa tangu utotoni hadi uzeeni, karibu nusu ya visa vya demensia duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Katika orodha hiyo mna kisukari, shinikizo la damu, kutofanya mazoezi, kuvuta tumbaku, unene, elimu ndogo, kutosikia vizuri na kukosa watu wa kuzungumza nao. Mwenye kisukari anayeketi kutwa peke yake na redio amekwisha kukusanya matatu. Akianza kutembea na mwenzake, anayapunguza makali yote matatu kwa pamoja.

UZEE, UCHAWI AU UGONJWA?

Baadhi ya watu hudhani demensia ni ugonjwa wa Ulaya. Sivyo. Mwaka 2010 wataalamu waliwapima karibu wazee 1,200 wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wote wa miaka 70 na zaidi. Kiasi cha watu 6 kati ya kila 100 walikuwa na ugonjwa huo. Kwa kuwa wazee wengi hawakupata shule, baadaye kilitengenezwa kipimo kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee huombwa, pamoja na mambo mengine, kupanga vijiti vya kiberiti kama alivyoonyeshwa, na kutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja.

Tunalisema hili kwa uchungu, maana mikoa yetu ya magharibi imeona wazee, hasa kina bibi, wakisingiziwa uchawi na hata kuuawa. Bibi anayezungumza peke yake, anayepotea njia ya nyumbani, anayeingia nyumba ya jirani usiku akidhani ni kwake, ni mgonjwa. Apelekwe hospitali. Mkristo haruhusiwi kuupokea uvumi wa uchawi na kuupitisha nyumba ya pili.

Na akichanganyikiwa ghafla, kwa saa chache au kwa siku moja, msiseme ni uzee. Uzee hauji kwa saa moja. Huenda ni sukari kushuka au kupanda mno, malaria, homa ya mapafu, ugonjwa wa njia ya mkojo au kiharusi. Mwahisheni hospitali siku hiyo hiyo.

NAMNA YA KUANZA

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Ni kama dakika 30 kwa siku tano. Anayeshindwa aanze na anachoweza, maana haba na haba hujaza kibaba. Kwa familia za parokia yetu tunashauri hivi:

1. Tumia Rozari kama saa. Rozari ya makumi matano husaliwa kwa dakika 15 hadi 20. Ukitembea ukiisali asubuhi, na tena jioni, umetimiza dakika zako bila kununua saa.

2. Jipime kwa sauti yako. Mwendo unaofaa ni ule ambao unaweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba. Kama unaweza kuimba wimbo mzima wa kuingilia, ongeza mwendo kidogo. Kama huwezi hata kujibu salamu, punguza.

3. Tembea baada ya kula. Hata dakika 10 baada ya ugali wa mchana au wa jioni zina faida kwa sukari.

4. Usiketi mfululizo. Kila baada ya nusu saa simama, zunguka nyumba, mwagilia mchicha, fagia uwanja. Kazi hizo nazo ni mazoezi.

5. Imarisha miguu. Mara mbili au tatu kwa wiki, keti kwenye kiti imara kilichoegemea ukuta, simama bila kujishika kama unaweza, kisha keti tena. Anza mara tano, uongeze polepole mpaka kumi. Zoezi hili linafaa sana wakati wa masika, mvua inapokuzuia kutoka, na humsaidia mzee asianguke.

6. Pa kichwa kazi pia. Badilisha njia, taja majina ya mafumbo ya Rozari, mweleze mjukuu nani aliishi katika nyumba gani zamani. Ubongo nao hupenda kutumika.

HADHARI

Mazoezi ni mema kwa karibu kila mwenye kisukari, lakini yana masharti yake.

Kwanza mwone daktari au mwuguzi wa kliniki ya kisukari, hasa kama una maumivu ya kifua, unaishiwa pumzi upesi, macho yamedhurika, au una kidonda mguuni. Mwenye kidonda mguuni asikitembelee. Afanye mazoezi ya mikono akiwa ameketi mpaka kidonda kipone.

Anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi, ambavyo wengi huvijua kwa jina la Daonil, asitembee na njaa. Kama ana kipimo cha sukari na kinaonyesha chini ya 5, ale kitu kwanza. Mfukoni awe na sukari au pipi. Akianza kutetemeka, kutoka jasho au kuchanganyikiwa, asimame mara moja, anywe maji yenye vijiko vinne vya chai vya sukari, au soda ya kawaida, kisha ale chakula. Asiposikia nafuu baada ya dakika 15 arudie, na apelekwe hospitali. Aliyezimia asinyweshwe kitu kwa nguvu, maana kitaingia mapafuni. Mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali.

Tena, wenye zaidi ya miaka 60 wanaotumia glibenklamidi wamwulize daktari kama bado inawafaa. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba haifai kwa umri huo, kwa sababu hushusha sukari kupita kiasi. Lakini mtu asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe, wala kwa sababu ameanza mazoezi.

Viatu ni lazima. Kisukari huua mishipa ya fahamu ya miguu, na mtu huchomwa na mwiba asihisi. Kandambili na miguu mitupu havifai. Vaa raba au kiatu kilichofunika vidole, kisichobana, pamoja na soksi. Kabla ya kuvaa, ingiza mkono ndani utafute kijiwe au msumari. Jioni angalia nyayo, au mjukuu akuangalie.

Epuka jua kali. Hapa Tabora jua la mwezi wa tisa na wa kumi si la mchezo. Tembea alfajiri au saa kumi na moja jioni, na unywe maji ya kutosha. Siku ukiwa na homa, kutapika au sukari iliyopanda mno, pumzika na utafute matibabu.

Na kwa kuwa tunaulizwa kila Kwaresima: sheria ya Kanisa ya kufunga chakula haimbani mgonjwa. Mwenye kisukari asijifungishe ili aonekane mcha Mungu. Kutembea kwenda kumtazama mgonjwa mwenzake ni malipizi yanayotosha.

KAZI YA FAMILIA NA JUMUIYA

Tunarudi kwa yule kijana na bodaboda yake. Amri ya kuwaheshimu baba na mama haidai kwamba tuwaketishe. Mara nyingi tunamnyang'anya mzee ndoo, jembe na ufagio kwa upendo, na pamoja navyo tunamnyang'anya mwendo, mazungumzo ya njiani na sababu ya kuamka. Mzito tumsaidie, lakini tumwachie chepesi. Tusimwulize tu, "Mama, umekula?" Tumwulize pia, "Mama, leo umefika wapi?"

Dawa zake zipangwe na mtu mmoja anayejulikana. Kisanduku chenye vyumba vya siku saba, au hata bahasha saba zilizoandikwa siku, huzuia kumeza mara mbili. Aliyempa aweke alama kwenye kalenda ya ukutani.

Jumuiya Ndogo Ndogo nazo zina nafasi yao. Jumuiya zenye wazee wenye kisukari zingeweza kupanga siku mbili au tatu za kutembea pamoja kabla ya sala ya jioni, vijana wakiwasindikiza. Kina mama wa WAWATA wangeweza kuanzisha jambo hili bila kungoja fedha za mtu. Hakuna kinachohitajika zaidi ya viatu na mwenzi wa njia.

Mtakatifu Paulo aliwakumbusha Wakorinto kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Hekalu lisilofunguliwa milango hushikwa na vumbi.

Bibi wa Gongoni ameanza. Daktari alimbadilishia dawa, mkwewe anaweka alama kwenye kalenda, na kila jioni anatoka na mjukuu wake wa darasa la nne. Wiki ya kwanza walifika mwembe wa pili tu, akaketi kupumzika. Tulipowatembelea alituambia kwamba sasa wanafika kanisani na kurudi. Bado husahau mambo, hatuwezi kuwaficha. Siku hiyo alituuliza mara mbili tumetoka wapi. Lakini sukari yake haijashuka tena vibaya, na mjukuu amekwisha kujua majina ya wenye nyumba wote wa zamani wa njia ile, kwa sababu bibi humtajia kila wanapopita.

Tulipoaga, mwanawe alituomba tumsaidie kumshawishi mama apande pikipiki angalau siku ya Misa. Bibi akasikia. "Mwanangu," akamwambia, "hiyo pikipiki mpe mkeo aendee sokoni. Mimi nitangulie, mtanikuta kanisani."